Migori, Kaunti ya Mpakani: Maswali na Majibu kuhusu Ardhi na Utawala Wake

Barabara kuu ya A1, ambayo hupita Kondele jijini Kisumu, huelekea kusini kupitia Ahero, Kisii na Migori hadi Isebania, mji wa mwisho wa Kenya kabla ya kuingia Tanzania. Abiria na bidhaa nyingi za kanda ya ziwa hupita njia hiyo, ilhali utawala wa eneo la mpakani haueleweki vyema hata kwa wanaolipitia mara kwa mara. Majibu yafuatayo yanakusudiwa kuondoa utata huo, kwa kuwa raia asiyejua ofisi ipi ina wajibu upi huweza kuikosa haki ambayo sheria imekwisha kumpa.

Kaunti ya Migori iko wapi, na ardhi yake ikoje?

Migori iko kusini-magharibi mwa Kenya, ikipakana na Homa Bay upande wa kaskazini, Kisii na Narok upande wa mashariki, Tanzania upande wa kusini na Ziwa Victoria upande wa magharibi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 1,116,436. Ardhi yake hupanda kutoka ufuo wa Nyatike, ulio tambarare na wenye mvua haba, kupitia mashamba ya miwa ya Awendo hadi miinuko ya Kuria, ambako mvua ya kutosha hustawisha mahindi na tumbaku. Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha, hutoka katika milima ya Kisii, huungana na mto Migori na kumwaga maji yake ziwani huko Nyatike. Kwa hiyo mkulima wa Nyatike huweza kufurikiwa na maji ya mvua iliyonyesha katika kaunti nyingine, na kinga ya mafuriko haiwezi kuwa kazi ya kaunti moja peke yake.

Ni nani aliyeuchora mpaka na Tanzania?

Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yaliyoweka mstari kutoka mlango wa mto Umba katika pwani ya Bahari ya Hindi, kuzunguka Kilimanjaro, hadi mahali ambapo latitudo ya digrii 1 kusini hukutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Latitudo ni mstari wa kufikirika unaopima umbali wa mahali kutoka ikweta. Mkataba wa Julai 1890 uliuendeleza mstari huo kuvuka ziwa. Wenyeji hawakushirikishwa, na matokeo yake Wakuria waligawanywa baina ya nchi mbili, wengine wakabaki Kenya na wengine Tarime, na vivyo hivyo Wajaluo wanaishi Migori na pia Rorya, Tanzania.

Kwa nini Kuria haina kaunti yake?

Katika enzi ya ukoloni eneo lote hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyotawaliwa kutoka Kisii, na baada ya uhuru likawa ndani ya wilaya ya Nyanza Kusini, yenye makao yake Homa Bay. Migori ilimegwa kutoka wilaya hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha wilaya ya Kuria ikamegwa kutoka Migori. Katiba ya mwaka 2010, hata hivyo, ilizijenga kaunti 47 juu ya wilaya zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1992, na kwa sababu hiyo Kuria ilirudi ndani ya Migori, ambako leo ina maeneo bunge mawili kati ya manane: Kuria Mashariki na Kuria Magharibi.

Je, gavana ndiye mkuu wa chifu?

Sivyo. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 kuna ngazi mbili za utawala zinazokaa katika ardhi moja. Ngazi ya kwanza ni serikali ya kaunti, inayoongozwa na gavana aliyechaguliwa, ikiwa na wasimamizi wa kaunti ndogo na wa wadi. Hii hushughulikia zahanati na hospitali za kaunti, kilimo, masoko, barabara za kaunti na elimu ya chekechea. Ngazi ya pili ni ya serikali ya kitaifa, inayoanzia kwa kamishna wa kaunti na kuteremka kwa naibu kamishna, kamishna msaidizi, chifu wa lokesheni na naibu wa chifu, na yenyewe husimamia uratibu wa usalama na shughuli nyingine za serikali kuu. Shule za msingi na sekondari, uhamiaji na forodha pia ni za serikali ya kitaifa. Kwa hiyo anayelalamikia ukosefu wa dawa zahanatini humwendea msimamizi wa wadi, na anayehitaji kuthibitishiwa ukaazi ili apate kitambulisho humwendea chifu.

Mfanyabiashara mdogo avukeje mpaka?

Isebania na Sirari, upande wa Tanzania, zina kituo cha pamoja cha mpakani, yaani utaratibu ambao msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, katika nchi anayoingia. Jumuiya ya Afrika Mashariki pia ina utaratibu rahisi wa biashara, ambao humwezesha mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya, kutumia cheti chepesi cha asili ya bidhaa na kusamehewa ushuru wa forodha. Anayepita njia za panya kwa kuogopa ushuru ambao pengine hadaiwi hujiweka katika hatari ya kunyang'anywa mali.

Na mpaka wa majini?

Kenya inamiliki asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, Uganda 43 na Tanzania 51, na samaki hawafuati mgawanyo huo. Kisiwa cha Migingo, kisichofikia ekari moja, kiligombaniwa vikali na Kenya na Uganda mwaka 2009, hasa kwa sababu wavuvi wa mbuta hukitumia kuyafikia maji ya kina yaliyo karibu. Ufuoni, wavuvi, wenye mashua na wachuuzi hujiunga katika vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, vinavyosajili vyombo na kuzuia nyavu haramu.

Ni jambo gani lihimizwe zaidi?

Mstari wa mwaka 1886 hautafutwa leo wala kesho, lakini madhara yake yanaweza kupunguzwa ikiwa ngazi zote mbili za utawala zitawaeleza wananchi wajibu wa kila ofisi kwa lugha wanayoielewa, barazani na sokoni. Wananchi nao wana haki ya kikatiba ya kushirikishwa katika kupanga bajeti ya kaunti, na inawapasa kuitumia haki hiyo kila mwaka bila kungoja kualikwa mara mbili.