Moto kichaa umezimwa, maji je?



Kila kiangazi, kabla mvua hazijaanza, vilima vya huku kwetu Mkwajuni huungua. Mmoja anasafisha shamba, mwingine anarina asali, mwingine anawinda, na kwa jioni moja moto umeshavuka bonde. Moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulitangazwa redioni. Wa kwetu hautangazwi. Ukizimika tunanawa uso na kudhani yamekwisha.

Sisi wauguzi tunajua hayajakwisha. Siku hizo hizo huja wenye pumu, na wazee na watoto waliobanwa kifua. Kitambaa kilicholowa puani hakizuii moshi mwembamba. Mtoto aondolewe kabisa penye moshi. Huja pia waliokanyaga visiki vinavyofuka chini ya majivu, na wengine wameshapakwa dawa ya meno. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, aletwe hospitali. Dawa ya meno ni ya meno.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni mvua ya kwanza. Kilima kilichoungua hakina majani ya kushika udongo, hivyo maji hushuka na majivu, vinyesi na mizoga mpaka kwenye kijito na kisima cha wazi. Ukitia klorini katika maji meusi namna hiyo, nguvu ya dawa huishia kwenye uchafu na vijidudu hubaki. Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshe mpaka yatokote.

Kuna sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Siku hizi vijiji vingi vinapata maji kwa mabomba ya plastiki, na mengine yamefukiwa juu juu tu. Novemba 2018 moto wa msituni uliteketeza mji wa Paradise huko California, Marekani, na watu 85 wakafa. Baadaye benzini, sumu iliyomo pia katika petroli, ilikutwa ndani ya mabomba ya maji. Watu wakaambiwa wasiyanywe wala wasiyachemshe. Afisa afya wa eneo lile alitangaza hali ya hatari kwa afya kwa sababu ya majivu na mabaki ya nyumba.

Sisi nasi tunao wenye kazi hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa tangu mkoa mpaka kijiji, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kukagua na kuamuru hatari iondolewe. Niliwahi kukaa katika kikao cha kijiji kimoja baada ya moto. Faini ya aliyeuwasha ilijadiliwa mpaka jua likazama. Maji hayakutajwa hata mara moja.

Kwa hiyo, baba na mama, moto ukizimwa nendeni kwa mtendaji wa kijiji na maswali ya wazi. Nani amelifuata bomba toka kwenye chanzo mpaka kwenye tangi? Afisa afya anakuja kukagua visima lini? Familia ambazo vyoo vyao vimeungua zinajisaidia wapi? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao. Bomba lililoyeyuka lifungwe, na watu wa RUWASA waitwe wabadilishe kipande hicho kabla maji hayajafunguliwa.

Na nyama ya kuokota porini msiile, hata kama inanukia kama ya kuchoma. Hamjui kama mnyama yule aliuawa na moto au alikuwa tayari na kimeta. Msimchune wala msimguse. Mwiteni afisa mifugo aelekeze mzoga ufukiwe wapi, mbali na maji.