SOMO LA FAMILIA: Shule Ndogo ya Nickel Mines

Masomo: Mathayo 18:21-35, Warumi 12:17-21



Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya ibada za nyumbani na vikundi vya familia. Tunaomba kila familia isome kwanza maandiko yaliyotajwa hapo juu, kisha ifuate maelezo haya. Wazazi wenye watoto wadogo wasome kwanza peke yao, kwa sababu kuna mambo mazito ndani yake.

Huenda mtu atauliza: kwa nini tujifunze habari za Marekani, sisi tulio hapa kambini? Zipo sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tuna ndugu waliokwisha kupokelewa huko, na watoto wao wanasoma katika shule za huko. Pili, sisi tulikimbia risasi, na tumezoea kudhani kwamba nchi yenye amani na chakula haina mama anayelilia mtoto aliyepigwa risasi. Sivyo. Wapo, na tunaweza kujifunza kwao.

1. MSIBA WENYEWE

Tarehe 20 Aprili 1999, vijana wawili waliingia na bunduki katika shule yao ya sekondari ya Columbine, jimbo la Colorado. Waliua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Tarehe 14 Desemba 2012, katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, waliuawa watoto 20 wa miaka 6 na 7, pamoja na watu wazima 6 wa shule hiyo. Tarehe 24 Mei 2022, katika mji wa Uvalde, jimbo la Texas, waliuawa watoto 19 na walimu 2. Wazazi walisimama nje ya shule wakilia na kuwasihi polisi waingie, na polisi walikawia zaidi ya saa nzima kabla ya kumkabili muuaji.

Tuseme kweli yote, ili tusiwatishe bure wenye ndugu huko. Watoto walio wengi Marekani huenda shule na kurudi salama. Vifo vya shuleni ni sehemu ndogo ya vifo vya bunduki. Vingi hutokea nyumbani na mitaani, na vijana wengine hujiua wenyewe. Lakini tangu mwaka 2020 bunduki ndizo zinazoua watoto na vijana wengi zaidi nchini humo, kupita hata ajali za barabarani. Kwa hiyo watoto hufundishwa shuleni namna ya kufunga mlango, kuzima taa na kukaa kimya gizani. Watoto wetu waliojificha porini wanajua maana ya kukaa kimya namna hiyo.

2. SIKU YA NICKEL MINES

Katika jimbo la Pennsylvania wanaishi Wakristo waitwao Waamishi. Wanatembea kwa magari ya farasi, wanalima, na hawashiki silaha dhidi ya mtu. Babu zao waliteswa kule Uswisi na nchi za jirani kwa ajili ya imani yao. Wengine waliuawa, wengine walifukuzwa katika ardhi yao, hata katika karne ya 18 wakavuka bahari kwenda Pennsylvania. Ni wajukuu wa wakimbizi kama sisi.

Tarehe 2 Oktoba 2006, mwanamume wa miaka 32, dereva wa lori la maziwa aliyejulikana na majirani, aliingia na bunduki katika shule yao ya chumba kimoja huko Nickel Mines. Aliwatoa nje wavulana na wanawake, akawabakiza wasichana 10. Mwalimu alikuwa amewahi kutoroka, akakimbia hadi shamba la jirani kutafuta simu. Polisi walipofika, mtu yule aliwapiga risasi wasichana wote 10, kisha akajiua. Watano walikufa. Walionusurika walishuhudia kwamba msichana mkubwa, wa miaka 13, aliomba apigwe yeye kwanza ili wadogo wapone.

Muuaji alikuwa ameacha barua. Aliandika kwamba alimkasirikia Mungu kwa sababu mtoto wake wa kwanza alikufa mara baada ya kuzaliwa, miaka 9 nyuma. Hatusemi kwamba huzuni ilimpa haki ya kuua. Wangapi wamefiwa na hawakuua mtu! Lakini tuone jambo hili: alikaa na uchungu ule miaka 9, akienda kazini na kurudi, na watu wa nyumbani mwake hawakujua umefikia wapi.

3. WALIFANYA NINI?

Jioni ileile, kabla maiti hazijazikwa, baadhi ya Waamishi walikwenda kwa jamaa za muuaji kuwafariji. Alipozikwa, Waamishi wengi walikuja kusimama na mjane wake, wakiwemo wazazi waliokuwa wametoka kuzika binti zao. Michango ilipoanza kuingia kutoka pande zote za dunia, walitenga sehemu kwa ajili ya mjane huyo na watoto wake 3. Siku kumi baada ya msiba waliibomoa shule ile, mahali pake pakapandwa majani. Mwezi wa Aprili 2007 watoto walianza masomo katika shule mpya iliyoitwa New Hope, yaani Tumaini Jipya.

Tusimsahau mama mzazi wa muuaji. Siku ile alipoteza mwana, na jina la familia yake likawa jina la aibu. Majirani Waamishi hawakumkataa. Naye, kwa miaka mingi, alikwenda kila wiki kumhudumia msichana aliyeumizwa vibaya kuliko wote, ambaye hakuweza kutembea wala kusema. Alimwogesha, alimsomea vitabu, alimwimbia. Mama huyo alifariki mwaka 2017.

4. KUSAMEHE SI NINI?

Hapa tuwe waangalifu. Wako ndugu kati yetu walioambiwa, "Samehe haraka, wewe ni Mkristo," na neno hilo likawaumiza mara ya pili. Tujifunze mambo manne.

(a) Kusamehe si kusahau. Wazazi wa Nickel Mines walilia kwa miaka. Walikubali msaada wa washauri wa mambo ya moyo, kwa ajili yao na kwa watoto walionusurika.

(b) Kusamehe si kazi ya siku moja. Baadhi yao walisema wazi kwamba walisamehe siku ya kwanza, na kesho yake ikawabidi kusamehe tena. Hasira ilirudi, nao wakaanza upya. Hatuoni kwamba huo ni unafiki.

(c) Kusamehe si kufuta haki. Tarehe 30 Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliua wanafunzi wenzake 4 katika shule ya Oxford, jimbo la Michigan, kwa bunduki ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku chache nyuma. Kijana alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2024 baba yake na mama yake nao walihukumiwa, kila mmoja miaka 10 hadi 15, kwa uzembe uliosababisha vifo vile. Aliyefiwa anaweza kuondoa chuki moyoni na bado akasimama mahakamani kueleza yaliyotendeka.

(d) Kusamehe si kukubali uongo. Baada ya msiba wa Sandy Hook, mtangazaji mmoja maarufu alidai kwa miaka kwamba watoto wale hawakufa, kwamba wazazi waliigiza. Wafuasi wake waliwatukana wazazi na kuwatisha, hata wengine wakahama nyumba zao. Wazazi walimshtaki, na mwaka 2022 mahakama ziliamua awalipe fidia kubwa mno. Sisi tunaujua uchungu huo. Wangapi wetu tumesimama mbele ya meza ya ofisi, tukaeleza yaliyotupata, na tukatazamwa kama waongo?

5. NENO KWETU SISI

Hatuandiki haya kumlazimisha mtu. Wale wa Nickel Mines walikuwa na vitu ambavyo wengi wetu hatuna: muuaji aliyekwisha kufa, makaburi wanayoyajua, na majirani wasiohama. Wengine wetu hatujui wapendwa wetu wamelala wapi. Wengine huwaona waliotutenda, au jamaa zao, kwenye foleni ya maji na ya mgao. Mungu anaijua tofauti hiyo.

Lakini jambo moja tunaweza kuanza nalo. Waamishi hawakumwacha baba mmoja au mama mmoja abebe mzigo wa kusamehe peke yake. Walikwenda pamoja, wakala pamoja, wakazika pamoja. Basi tusimwambie mfiwa "samehe" kisha tukaenda zetu. Kwanza tuketi naye. Tumchotee maji, tusikilize habari yake mpaka mwisho, hata akiirudia mara kumi.

Na tuwaangalie watu wa nyumbani mwetu. Baba anayekaa kimya siku nzima, kijana asiyelala usiku, mtoto anayeshtuka mlango ukigongwa: tuwaulize kwa upole, na tukiona mzigo umetushinda tuwapeleke kwa mchungaji au kwa washauri walioko kambini. Tusingoje miaka 9.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Waamishi walikwenda kwa jamaa za muuaji mapema namna ile? Sisi tungefanya nini?
2. Mtumwa wa Mathayo 18 alisahau nini alipotoka kwa bwana wake?
3. Je, inawezekana kusamehe mtu asiyeomba msamaha? Elezeni.
4. Katika mtaa wenu, ni nani aliyefiwa ambaye hajatembelewa mwezi huu? Pangeni siku na watu wa kwenda.

TUOMBE

Baba wa rehema, wafariji wazazi waliofiwa shuleni kule Marekani, na wazazi waliofiwa njiani, porini na majumbani kwetu. Walinde watoto wa ndugu zetu walioko mbali. Pale tusipoweza kusamehe leo, utuvumilie, na utupe watu wa kutembea nasi. Kwa jina la Yesu. Amina.