Kufundisha Nasaba za Mazao kwa Mfano wa Karanga

Walimu wengi wa sayansi, wafikapo kwenye somo la mbegu, huwachoresha wanafunzi punje ya maharage, wakataja sehemu zake na kuishia hapo. Ni kazi halali, lakini swali kubwa halijaguswa: kwa nini mkulima atunze mbegu za aina nyingi, ilhali aina moja yenye mavuno mengi inauzwa dukani? Makala haya yanaeleza namna ya kulifundisha swali hilo kwa karanga katika shule zilizo kandokando ya Mlima Meru.

Siku chache kabla ya somo, wanafunzi waagizwe kuleta karanga zisizokaangwa na maharage, kutoka nyumbani au soko la Tengeru au Kilombero. Karanga nyingi za masoko hayo hutoka mikoa mingine, kama Dodoma. Kwa hiyo mwanafunzi amwulize muuzaji zilikotoka na aandike jibu. Darasani wazipange kwa rangi, ukubwa, na idadi ya punje katika ganda. Makundi yatakuwa mengi. Ndipo mwalimu aulize: je, tofauti ya sura ni tofauti ya nasaba?

Kwa karanga, jibu ni kwamba sura hudanganya. Zao hili lilianzia Amerika ya Kusini, maelfu ya miaka iliyopita, kutokana na kuchanganyika kwa mimea miwili ya mwituni, kila mmoja wenye kromosomu 20. Mmea uliozaliwa ukawa na kromosomu 40, na kwa sababu hiyo haukuweza kuzaana na jamaa zake wa mwituni kwa urahisi. Karanga zote tuzilazo zimetoka katika mlango huo mwembamba. Maharage, kinyume chake, yalianza kulimwa mahali pawili mbalimbali, Amerika ya Kati na milima ya Andes, na nasaba yake ni pana zaidi.

Hatari ya wembamba huo ionyeshwe kwa ugonjwa wa rozeti, na hapa mwalimu asiwe na haraka. Ugonjwa huu wa virusi, unaoenezwa na vidukari, ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza hapa Tanganyika mwaka 1907. Mmea hudumaa, majani hujikunja, na mavuno yaweza kupotea yote. Kinga ilipatikana Afrika ya Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mbegu za kienyeji za wakulima wa mpakani mwa nchi ziitwazo leo Burkina Faso na Ivory Coast. Watafiti wamezitumia kuzalisha aina nyingine tangu hapo. Wanafunzi waulizwe: ingalikuwaje kama wakulima wale wangaliiacha mbegu yao mapema?

(Mradi wa Karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, ulioanzia Kongwa, utatajwa tu na mwanafunzi mmoja. Ulishindwa hasa kwa ukame, udongo mgumu na mitambo isiyofaa. Ubaki katika somo la historia.)

Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha, ipo hifadhi ya taifa ya mbegu za mimea. Hifadhi za namna hii hukausha mbegu na kuzigandisha kwenye baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Hata hivyo mbegu iliyogandishwa nayo huzeeka. Kwa desturi, uotaji ukishuka chini ya asilimia 85 hupandwa upya. Karanga huzeeka upesi, kwani karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Jambo hili lipimwe darasani. Karanga za fungu moja zigawanywe: nusu zihifadhiwe katika maganda, nusu zibanguliwe. Baada ya miezi mitatu, punje 20 za kila upande zifungwe katika kitambaa chenye unyevu, na zilizoota zihesabiwe siku ya kumi. Hesabu hizo ziandikwe ubaoni kama zilivyo, hata zikipingana na matarajio ya mwalimu.

Ua la karanga kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Hivyo tuta dogo la shule laweza kuhifadhi aina moja kwa miaka bila kuchanganyika sana. Kila tuta liwe na kibao chenye jina la mbegu kama liitwavyo na wenyeji, kijiji ilikotoka na mwaka. Mavuno yakipatikana, mzee aliyeitoa arudishiwe kwanza kiasi alichotoa.