Ijumaa Usiku Kingston: Fuata Moshi, Kagua Bili

Jamaika watu hawali kwanza halafu wakatafuta dansi. Jiko, spika na meza hukaa ua mmoja, na Ijumaa usiku mjini Kingston ndiyo inayovikutanisha vizuri kuliko kwingine kote kisiwani. Ndiyo maana nawasihi wageni waachane na "usiku wa Kijamaika" wa hoteli za pwani ya kaskazini, ambako kuku hupoa kwenye sinia na pilipili hupunguzwa kwa kuwaogopa wageni. Baa za majabali ya Negril nazo zimesifiwa kupita kiasi: jua linazama vizuri, lakini unalipia jua hilo kwenye kila glasi, na Wajamaika wengi utakaowaona pale wako kazini.

Chakula cha kufuata ni jerk, urithi wa Wamaroon, watumwa waliotoroka wakajenga maisha yao milimani. Nyama hukolezwa pilipili kali ambayo mtu wa Pwani ya Afrika Mashariki ataitambua kuwa jamii ya pilipili mbuzi, pamoja na tangawizi, vitunguu na punje za pimento (allspice). Asili yake inatajwa sana kuwa Boston Bay, mkoa wa Portland, ambako nyama hulazwa juu ya vijiti vya mpimento na kufunikwa mabati. Kingston utaikuta zaidi kwenye mapipa yaliyopasuliwa katikati, kama yale ya Red Hills Road. Kaa karibu na mpishi. Akifunua pipa, moshi mtamu unakupiga usoni. Anamtoa kuku, anamlaza kwenye gogo na kumkata kwa panga, mifupa na yote, mapigo machache tu. Agiza hapo hapo, uone kinachokatwa. Nguruwe huuzwa kwa ratili, kuku kwa robo au nusu. Omba mchuzi wa pilipili uwekwe kando.

Msomaji Mwislamu aangalie sana hapa: mara nyingi nguruwe na kuku huokwa moto mmoja na kukatwa kwa panga moja. Kuambiwa "hiki ni kuku" hakutoshi. Chagua samaki kwenye jiko lisilopika nguruwe, au mikahawa ya Marasta inayopika Ital, chakula cha mboga, nafaka na tui la nazi.

Kwa samaki, nenda Port Royal, mji uliozama sehemu kubwa katika tetemeko la 1692 na leo ni kijiji cha wavuvi, mbele ya uwanja wa ndege wa Kingston, Norman Manley. Agiza samaki wa escovitch: anakaangwa mzima, kisha anamwagiwa siki yenye vitunguu, karoti na pilipili. Analiwa na bammy, mkate wa muhogo, au festival, andazi refu la unga wa mahindi. Fika saa moja usiku. Ukichelewa hadi saa nne, foleni ni ndefu, muziki umepanda na mhudumu hasikii unachoagiza. Usikae mbele ya spika. Besi yake inatikisa mpaka sahani. Sheria ya kelele ya 1997 inataka muziki uzimwe saa sita usiku siku za kawaida na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo anayetaka kucheza aanze mapema.

Sasa pesa, maana hapa ndipo niliposhikwa. Alama ya dola ni ile ile kwa dola ya Jamaika na ya Marekani, ilhali dola moja ya Marekani ni zaidi ya 150 za Jamaika. Uliza kabla hujaketi, na ulipe kwa pesa ya Jamaika. Kodi ya mauzo, GCT, ni asilimia 15. Bili nyingi huongezewa pia malipo ya huduma, kisha mashine ya kadi inakuuliza bahshishi juu yake. Mimi nililipishwa huduma mara mbili hivyo hivyo. Soma karatasi mstari kwa mstari, hata kama muziki unakuita.

Usafiri una mtego wake. Panda teksi yenye namba nyekundu tu. Ukiingia gari tupu, dereva anaweza kulihesabu kuwa umelikodi peke yako, na nauli ikapaa. Kabla hujafunga mlango, mwambie unataka "route", ile ya kuchangia kiti na wenzako. Hiyo ni ya mchana. Usiku wa manane usitegemee bahati barabara ya Port Royal: panga na dereva kutoka kwa mwenyeji unayemwamini, kubalianeni nauli ya kwenda na kurudi, na sehemu kubwa umpe akikurudisha.

Mwisho, kinywaji: ramu nyeupe ya Wray & Nephew ina kileo cha asilimia 63. Kunywa maji kati ya glasi, au agiza Ting, soda ya balungi, inayokata pilipili vizuri kuliko bia.

Ukiwa na usiku mmoja tu Kingston, uufanye Ijumaa, uupeleke Port Royal, na ule kabla ya kucheza.