Nusu ya Pili: Ukiteleza Kwenye Akiba, Anzia Hapo Ulipo

Julai imeingia, na lile daftari la Januari wengi wetu hatutaki hata kulifungua. Tunajua limeandikwa nini. Mwaka huu bati zipande. Mwaka huu kiwanja. Mwaka huu deni la nauli liishe. Halafu ukitazama akaunti, unazima simu haraka.

Somo la mwezi huu ni la aliyeteleza. Kama wewe uko sawa, hongera, pitia tu sehemu ya marejesho ya kodi hapo chini kisha uendelee na kazi.

Hesabu kabla ya majuto

Tuchukue mfano wa kibarua wa saiti, saidia fundi. Januari alisema ataweka pauni 50 kila wiki, mwisho wa mwaka awe na 2,600. Wiki 26 zimepita. Alitakiwa awe na 1,300, ana 410. Yaani ukigawanya, kwa kweli amekuwa akiweka kama pauni 16 kwa wiki.

Sasa angalia kosa linalofuata, maana hapa ndipo watu wengi wanaumia mara ya pili. Anasema, "Nitafidia." Zimebaki pauni 2,190 na wiki 26, kwa hiyo kila wiki aweke 84. Jamani, mtu aliyeshindwa na 50 ataiwezaje 84? Ataweka wiki mbili kwa kujinyima chakula, wiki ya tatu simu italia kutoka nyumbani, na mwisho wa Julai atakuwa ameacha kabisa. Wengine hapo ndipo wanakwenda kukopa ili lengo lionekane limetimia. Huko sisi hatumshauri mtu aende.

Kwa hiyo ya nyuma yaache nyuma. Una 410, hizo ni zako. Swali ni moja tu: kuanzia Ijumaa hii, ni kiasi gani unaweza kuweka hata wiki ikiwa mbaya? Usitazame wiki yenye ovataimu. Tazama wiki ya mvua, saiti imefungwa siku mbili. Kama jibu ni 35, andika 35.

Na usizidishe kwa 26. Wanaolipwa kwa siku wanajua saiti nyingi hufungwa wiki kama mbili Krismasi na Mwaka Mpya, na asiye na likizo ya kulipwa hana kitu. Ondoa hizo mbili, ondoa na moja ya ugonjwa au kukosa kazi. Zinabaki wiki 23. Mara 35 ni 805. Jumlisha na 410 unapata 1,215 mwisho wa Desemba. Ni chini ya nusu ya lengo, tunajua. Ngoja kidogo, hesabu haijaisha.

Uliteleza kwa nini?

Tukikaa na wenzetu tukapekua miezi sita, mara nyingi tunakuta sababu ambayo haina uhusiano na uvivu wala anasa.

Moja ni bei ya fedha. Wakenya mnakumbuka mwaka 2024. Januari pauni moja ilikuwa imepita shilingi 200. Februari serikali ikauza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili ilipe deni la nje lililokuwa linaiva Juni, hofu ikashuka, shilingi ikapanda kwa kasi, na kufikia mwisho wa Machi pauni ilikuwa karibu 165. Kwa nchi ilikuwa nafuu. Kwa aliyekuwa anajenga kutoka hapa ilikuwa kama kukatwa mshahara. Kazi ya shilingi 400,000 iliyohitaji pauni 2,000 Januari ilitaka zaidi ya 2,400 miezi mitatu baadaye. Kwa mtu anayeweka 50 kwa wiki, hizo ni wiki nane za jasho zilizopotea bila yeye kununua hata soda.

Tangu hapo tunawaambia watu: lengo liandike kwa fedha zote mbili. Fundi kule anataka shilingi, wewe hapa unapata pauni. Kila mwanzo wa mwezi pitia tena kiwango, na kama kimebadilika, badilisha tarehe ya kumaliza. Usibadilishe chakula chako. Ndugu wa Kongo, ambao nyumbani mnahesabu kwa dola, na nyinyi mtazame pauni dhidi ya dola vivyo hivyo.

Sababu nyingine ni msiba na dharura. Aliye na jamaa Goma hana haja ya kuelezwa. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango, na watu hapa walikuwa wanatafuta njia yoyote ya kufikisha chochote kwa simu. Kama akiba yako iliishia huko, hukushindwa na lengo. Akiba ilifanya kazi yake. Andika hivyo kwenye daftari, "ilikwenda Goma," ili usije ukajilaumu Desemba.

Ya tatu ni gharama za hapa. Kodi ya kaunsili ya Birmingham ilipanda karibu asilimia 10 Aprili 2024, na Aprili 2025 ikapanda tena karibu asilimia 7.5. Bajeti yako ya Januari haikuwa na hiyo nyongeza, au ilikuwa nayo?

Ya nne inauma kuitaja: kutuma kidogo kidogo. Elfu tatu ya gesi, elfu mbili ya daftari, elfu tano ya daktari. Ukikatwa pauni 2 kila unapotuma, na unatuma mara sita kwa mwezi, ni 12 kwa mwezi, 144 kwa mwaka. Na penye tangazo la "bure" ndipo pa kutazama kiwango. Wakala mmoja akikupa shilingi tatu chini ya mwingine kwa kila pauni, ukituma pauni 300 umeacha shilingi 900 mezani. Usiulize "mnakata ngapi?" Uliza, "Nikikupa pauni 300, nyumbani wanapokea shilingi ngapi mkononi?" Piga kwa wawili au watatu ndipo utume.

Pesa yako iliyoko kwa serikali

Sasa kwa watu wa saiti, na hapa tunakaa kidogo kwa sababu ndipo mwaka wa wengi unapookolewa.

Ukifanya kazi kwa mkandarasi chini ya mpango wa CIS, anakukata asilimia 20 ya malipo ya kazi yako na kuipeleka HMRC. Kama hujajisajili, anakukata 30. Makato hayo huanza na pauni ya kwanza, hayajali kwamba kila mtu ana pauni 12,570 kwa mwaka ambazo hazitozwi kodi ya mapato. Kwa hiyo wengi wanalipa zaidi, na serikali inazishika hizo pesa mpaka wewe ujaze fomu.

Chukua yule yule saidia fundi. Kati ya 6 Aprili 2024 na 5 Aprili 2025 alifanya kazi ya pauni 24,000, akakatwa 4,800. Ana risiti za vifaa, viatu vya kazi na nauli za kwenda saiti mbalimbali, jumla 2,000. Faida yake ni 22,000. Ondoa 12,570, inabaki 9,430. Kodi ya asilimia 20 ni 1,886. Bima ya taifa kwa aliyejiajiri, asilimia 6 ya hizo 9,430, ni karibu 566. Jumla anadaiwa kama 2,452. Alishakatwa 4,800. Anarudishiwa karibu 2,348.

Wengi wanasubiri tarehe ya mwisho, 31 Januari, kana kwamba ndiyo siku ya kujaza. Siyo. Mlango ulifunguliwa 6 Aprili. Unaweza kujaza wiki hii. Kama mwaka wa kodi uliopita ndio ulikuwa wako wa kwanza kujitegemea na hujajisajili kujaza fomu, mwisho wa kujisajili ni 5 Oktoba.

Unachohitaji ni namba yako ya kodi ya tarakimu kumi, risiti, na karatasi za makato. Mkandarasi anatakiwa akupe karatasi hiyo kila mwezi ndani ya siku 14 baada ya mwezi wa kodi kwisha, yaani kufikia tarehe 19. Hajakupa? Mdai, na umdai kwa maandishi. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba ulikatwa. Fomu unaweza kuijaza mwenyewe bila malipo. Ukimtumia mtu, sawa, ila kubalianeni bei kabla, na hakikisha marejesho yanaingia kwenye akaunti yenye jina lako. Tumeona mtu akilia kwa sababu ya hilo, na hakukuwa na la kumsaidia.

Pesa ikiingia, usiipeleke yote kwenye bati siku hiyo hiyo. Katika mfano wetu, 1,000 ziende kwenye lengo, kiasi kibaki kwa ajili ya zile wiki za Krismasi, na kama una deni lenye riba lianze kulipwa. Sasa rudi kwenye hesabu: 1,215 na 1,000 ni 2,215. Imebaki 385. Kwa pauni 35 kwa wiki ni wiki 11 tu. Akianza saiti zinapofunguliwa Januari, kufikia mwisho wa Machi amemaliza.

Dada zetu wa kazi za nyumbani

Kwenu hakuna CIS, na wengine mnalipwa mkononi. Kabla hujajilaumu kwa kushindwa kuweka akiba, hakikisha kwanza unalipwa inavyotakiwa.

Zamani sheria ilikuwa na mwanya. Mwajiri aliweza kudai kwamba dada anayelala nyumbani kwake ni kama mmoja wa familia, hivyo halazimiki kumlipa kima cha chini. Mwanya huo ulizibwa tarehe 1 Aprili 2024. Kuanzia Aprili 2025, mwenye miaka 21 au zaidi alistahili angalau pauni 12.21 kwa saa. Kwa malazi, mwajiri wakati huo aliruhusiwa kuhesabu si zaidi ya pauni 10.66 kwa siku. Chakula hakiwezi kutumika kushusha malipo yako chini ya kima hicho. Kwa hiyo anza kuandika saa zako kila usiku kabla ya kulala: umeanza saa ngapi, umemaliza saa ngapi. Ukiona hesabu haikai sawa, Acas wanatoa ushauri kwa simu, 0300 123 1100, na mwajiri wako hataambiwa kwamba umepiga.

Una haki pia ya likizo ya kulipwa, wiki 5.6 kwa mwaka. Dada ambaye hajachukua hata siku moja tangu Januari, hiyo nayo ni mali yake.

Aliyekuja kwa viza ya mfanyakazi wa nyumbani ya miezi sita, tunamwomba asiweke malengo ya mwaka kabisa. Weka ya wiki. Na pesa isikae kwa mwajiri "nikuwekee," hata awe mwema namna gani.

Simu ya nyumbani

Hakuna mpango wa akiba utakaosimama kama nyumbani hawaujui. Tunaogopa kusema kwa sababu tunaona haya: umeondoka kijijini kwa sherehe, utasemaje Julai kwamba umekwama? Lakini ukinyamaza, wao wanaendelea kupanga kwa pesa ambayo haipo. Fundi ameshaitwa, mchanga umeshamwagwa.

Piga siku ya mapumziko, ukiwa umetulia, usisubiri wao wapige na shida. Maneno yawe machache. "Shikamoo mama. Nilisema bati Desemba, sitaweza. Zitapanda mwisho wa Machi, na hesabu ninayo. Kuanzia mwezi huu natuma mara moja, Jumamosi ya kwanza. Ya hospitali nimeiweka pembeni, na hiyo ni ya hospitali tu." Atakaa kimya kidogo. Mwache akae kimya. Usijaze ukimya huo kwa ahadi nyingine, maana ndiko ahadi nyingi tusizoziweza hutokea.

Kama kuna kaka au shemeji anayesimamia ujenzi, mpe tarehe mpya yeye mwenyewe, isimfikie kwa mdomo wa mtu. Na mwombe picha za ukuta kama ulivyo leo.

Walio kwenye upatu au chama, tazameni zamu yako inaangukia lini. Kama ni Oktoba au Novemba, unaweza kuomba kubadilishana na mwenzio ipokelewe mwishoni mwa Desemba, saiti zikiwa zimefungwa. Omba sasa, kabla mwenzio hajaipangia matumizi.

Jambo moja la mwisho kwa wanaolipa kodi ya kaunsili kwa awamu kumi. Awamu hizo huanza Aprili na kuishia Januari. Februari na Machi huwa hakuna kinachokatwa. Ni miezi miwili ile ile ambayo saidia fundi wetu anatafuta 385 za kumalizia, kwa hiyo iandike kwenye daftari leo, kabla hiyo pesa haijapata jina lingine.