Dondoo muhimu: Kujitambua ukiwa ndotoni

Usingizi wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri. Mkazi wa Ngamiani, Tanga, anayeamka kwa adhana, akaswali, kisha akarudi kulala ana nafasi nzuri ya kujitambua ndotoni. Kabla hujasinzia jiambie: nikiota, nitajua naota. Daftari likae karibu na mto. Andika ndoto kabla hujainuka, hata kipande tu. Mchana, soma kibao cha daladala ya Pongwe, geuka, kisome tena. Ndotoni maandishi mara nyingi hubadilika, na ukizoea kukagua hivyo utagundua unaota. Ukizinduka mwili haunyanyuki, usiogope, ni jinamizi: pumua taratibu, litapita. Mwaka 1975 Keith Hearne, Uingereza, alinasa ishara za macho za mwotaji aliyejitambua, kwa hiyo jambo hili lina ushahidi. Usikatize usingizi kila siku kwa ajili ya zoezi hili. Mwenye maradhi ya akili aanze kwa kumwona daktari.