Desemba Hii Usiruke, Mwanangu

*Shangazi, nina miaka 34, naishi Mombasa na mke wangu na binti yetu wa miaka 6. Nilijifunza kuruka kwa parachuti Diani, na kufikia siku niliyoumia nilikuwa nimesharuka mara 71. Siku hiyo watoto walikatiza ufukweni pale nilipokusudia kutua. Nikakata kona nikiwa chini mno, parachuti ikanibwaga, nikafikia makalio. Pingili ya kwanza ya kiunoni ilipasuka. Nilipasuliwa nikatiwa vyuma viwili na skrubu nne. Sasa ni miezi 14. Natembea, naendesha gari, naenda kazini. Daktari alisema niko huru kurejea kwenye shughuli zangu.*

*Shida ni mke wangu. Ameapa nikirudi angani, yeye anarudi kwao. Wenzangu wanakutana Diani Desemba nami nimeshalipa. Nimemwambia nina kazi ya siku mbili Kwale. Wayo wa kushoto hunifa ganzi nikikaa sana, lakini si kitu. Nielewe, Shangazi: kule juu ndiko ninakojihisi mzima. Je, nakosea?*

*Mrukaji, Mombasa*

Mwanangu, pole kwa yaliyokupata.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema "si kitu". Umeandika habari za mkeo, za wenzako, za pesa uliyolipa, kisha ganzi ya wayo ukaipitisha haraka karibu na mwisho. Mimi nitaanza nayo.

Pingili iliyopasuka ni mlango wa mambo mengi. Juu yake mgongo ni mgumu kwa sababu umeshikwa na mbavu, chini yake kiuno kinapinda huku na huku, na mtu akianguka kwa makalio kishindo hukusanyika hapo hapo zinapokutana sehemu hizo mbili. Karibu na hapo ndipo uti wa fahamu unapokoma, kisha mishipa ya fahamu inateremka kama mkia wa farasi kwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye haja kubwa. Ganzi ya wayo huenda ni kovu la zamani lisilo na madhara. Huenda pia kuna mshipa unaobanwa hadi leo. Kwa kukaa na kungoja huwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Na nisikilize vizuri: ganzi hiyo ikipanda hadi baina ya mapaja yako, au mkojo ukikataa kutoka au ukatoka bila wewe kujua, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa ile ile.

Sasa daktari. Ulimwambia shughuli zako ni zipi? Nina hofu kwamba alimwona mtu anayekwenda kazini na kuendesha gari, akamruhusu mtu huyo. Mrukaji hakumwona. Rudi kwake umweleze bila kupunguza neno: nashuka kwa kasi ya kilomita kama 200 kwa saa nimelala kifudifudi, mgongo nimeukunja kama upinde, shingo nimeinyanyua. Halafu parachuti inafunguka na kunikamata kwa mikanda ya mapaja na mabega, na ikifunguka vibaya inanitikisa mwili mzima. Kisha natua. Mwambie na jinsi ulivyotua mara ya mwisho.

Swali utakalomuuliza ndilo litakaloamua kila kitu. Ukiuliza "Je, naweza kuruka?", mnaweza wote wawili kufikiria ile siku njema, upepo umetulia, umevuta breki kwa wakati, umeugusa mchanga kwa miguu miwili ukatembea zako. Mgongo wako pengine unaiweza siku hiyo. Lakini wewe mwenyewe unajua kwamba katika mchezo huu watu wengi huumia wakati wa kutua, parachuti ikiwa imefunguka salama juu ya vichwa vyao. Basi muulize hivi: nikitua vibaya tena, kwa makalio tena, mgongo huu wenye vyuma utafanya nini? Vyuma vimeifanya sehemu ile kuwa ngumu, kwa hiyo pingili za juu na za chini yake zinabeba mzigo zaidi kuliko zamani. Omba picha ya CT ionyeshe kama mfupa umeunga kweli, maana kutembea bila maumivu hakuthibitishi hilo. Omba na mishipa ya mguu ipimwe.

Kuna watakaokwambia uanze kwa kuruka umefungwa kifuani kwa mwalimu, kwamba huko ni salama zaidi. Kwa mtu mwingine, labda. Wewe hapana, si sasa. Abiria hainui kidole kuongoza kutua, anaambiwa anyanyue miguu, na mara nyingi wawili hao huteleza kwa makalio mchangani. Kutua kwa makalio ndiko kulikokuvunja.

Watakutajia pia Bear Grylls, yule Mwingereza wa vipindi vya televisheni. Ni kweli, mwaka 1996 aliumia pingili tatu kwa ajali ya parachuti huko kusini mwa Afrika, na Mei 1998 alisimama kileleni Everest. Nami habari hiyo hunipa moyo. Ila kati ya hayo mawili kuna miezi mingi ya matibabu na mazoezi ambayo wasimuliaji huiruka, na mgongo ule ni wake.

Sasa tuje kwa mkeo. Mjomba wangu alikuwa mgema upande wa Msambweni. Alianguka mnazi, akalala mkekani miezi, akapona, akarudi kupanda. Tangu siku hiyo mkewe alikuwa akisimama chini, mkono kwenye shina, uso juu, mpaka ateremke. Nilikuwa msichana mdogo nikaona ni mapenzi matupu. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza. Akaniambia hakuna aliyewahi kumuuliza kama yuko tayari. Aliamka asubuhi moja akakuta kotama, kile kisu cha kugemea, imeshafungwa kiunoni mwa mumewe. Alikuwa na miaka zaidi ya 70 aliponiambia, na bado sauti ilimtetemeka.

Mkeo ndiye aliyekuogesha, nadhani. Ndiye aliyekugeuza usiku. Anapoapa kurudi kwao, mimi nasikia mtu anayesema sina nguvu za kuyapitia yale tena, na hajapata mahali pengine pa kulisema. Nawe umemjibu kwa uwongo wa Kwale. Huo ndio ninaokulaumia, mwanangu. Kwa mapenzi yako ya anga sikulaumu hata kidogo. Ukiumia Diani, atapigiwa simu na mgeni, akiwa anaamini uko kazini.

Mwambie leo. Usiombe ruhusa, wala usimtake akubali. Mwambie ulichomficha, pamoja na ganzi, kisha mwende wote kwa daktari na umwache aulize maswali yake mwenyewe. Mzungumze na habari za pesa pia, kwa sababu bima nyingi haziwalipi wanaoumia katika michezo ya hatari, na msije mkagundua hilo mkiwa wodini.

Desemba hii usiruke. Hata kama picha zingekuwa safi, ungekuwa umechagua mwezi ambao ufuko umejaa wageni na watoto kuliko wakati wowote, yaani jambo lile lile lililokuangusha. Wenzako watakutana tena.

Daktari akisema mfupa umeunga na mishipa iko salama, kuna kazi ndefu na mtaalamu wa viungo: nguvu za kiuno na mapaja, na kujifunza upya kuanguka kwa ubavu, miguu pamoja, magoti yamelegea, mbele yake na si peke yako. Halafu mwalimu. Huko Marekani mwenye leseni ya chini akikaa zaidi ya siku 60 bila kuruka hushauriwa arudi kuruka chini ya usimamizi wa mwalimu. Wewe una miezi 14. Omba parachuti kubwa kuliko uliyozoea, inayoshuka polepole. Ukipata safari ya Dubai, mnara wa upepo, ule unaomwelesha mtu hewani ndani ya jengo, utakuonyesha kama mgongo unakubali kukunjika, bila mshtuko wa kufunguka wala kutua.

Na daktari akisema hapana, najua utaomboleza, nami nitaomboleza nawe.

Waombe waandaaji wakurudishie pesa au wakuhifadhie. Ukishatoka kwa daktari, niandikie. Na mkeo, akitaka, aniandikie yake.